Makumbusho ya Nani?

Neno gereza, tulitumialo leo kwa maana ya jela, halikuanza na maana hiyo. Waliochimbua asili ya maneno wanatwambia kuwa limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Mreno alijenga ngome, na ndani ya ngome akajenga kanisa. Wenyeji waliokuwa nje, wakisikia jina la kanisa na huku wakiona kuta na mizinga, wakaliita boma zima gereza. Kule Kilwa Kisiwani ngome yao yaitwa Gereza mpaka leo. Baadaye wakubwa wengine wakaja wakazijaza ngome hizo wafungwa, na neno likawafuata wafungwa ndani, likakaa nao, lisitoke tena.

Basi neno moja limebeba ibada, vita na minyororo, wala halikusahau hata kimoja. Lau majumba yetu ya makumbusho yangekuwa na kumbukumbu kama ya neno hili, nisingekuwa na haja ya kushika kalamu leo.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ngome ni nini. Mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa huiona kila aendapo na kila arudipo. Mtoto wa Lamu hupita mbele yake akienda sokoni. Unguja, Ngome Kongwe iko papo mbele ya Forodhani, nayo ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno; ikawa jela, mwanzoni mwa karne ya ishirini ikatumiwa na reli, mwaka 1949 mabibi wakachezea tenisi ndani yake, na sasa huonyeshwa sinema na kuimbwa taarabu. Majumba haya yamezoea kubadilishwa kazi. Lakini katika Mombasa na Lamu hatua zimekuwa tatu zile zile: askari, kisha wafungwa, kisha makumbusho. Ninalolisema leo ni kwamba katika hatua ya tatu, watu wa hatua ya pili hawajapata haki yao.

Tuanze na Ngome ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1593, na ramani yake aliichora Mtaliani, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno huko Bara Hindi. Mwaka 1631 mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa, akarudi katika dini ya wazee wake, akaingia ngomeni na watu wake na kumwua kapteni wa Kireno. Mwaka 1696 Waomani wakaizingira, na mazingiwa yale yakadumu miezi thelathini na mitatu, mpaka Disemba 1698. Waliomalizika kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Wakaja Mazrui, wakaitawala Mombasa kwa karibu miaka mia, hata mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan akaitia mkononi. Na mwaka 1875 manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga kumtoa Al-Akida, aliyekuwa amemkhalifu Seyyid Barghash.

Haya yote tumeyasoma, na watembezaji wa wageni wanayajua kwa moyo kama vile sisi tulivyoijua Juzuu Amma. Kisha hufika mwaka 1895, na hapo sauti ya mtembezaji hushuka na mwendo wake huongezeka. Hutamka tu kuwa Waingereza waliigeuza jela hata mwaka 1958. Sentensi moja! Kisha mgeni huyo anaongozwa akaonyeshwe vyungu.

Nipige hesabu. Kutoka 1895 hadi 1958 ni miaka sitini na mitatu. Wareno wenyewe, walioijenga, hawakuikalia sana zaidi ya miaka mia moja na ushei. Kwa hivyo jela ilichukua zaidi ya nusu ya umri walioishi humo Wareno. Katika miaka hiyo waliingia watu wa kila namna: wezi na wauaji, naam, lakini pia maskini walioshindwa kodi, vibarua waliomkimbia tajiri, na watu waliosema neno ambalo serikali haikulipenda. Jela ya mkoloni haikuwa na ungo wa kupepeta. Wazee wa mji walioyaona wanazidi kutuacha kila mwaka, na kila tumzikapo mmoja tunafukia na aliyoyajua.

Wafungwa walipohamishwa, ngome ikafanywa mali ya hifadhi ya taifa, fedha za matengenezo zikatolewa na wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mwaka 1960 milango ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. James Kirkman, aliyeisimamia kazi hiyo, alikuwa mtu wa kuchimbua mambo ya kale, na alifanya kazi ambayo mimi nina shukrani nayo. Bila yeye tusingejua nusu ya tunayoyajua juu ya miji yetu, Gedi mojawapo. Lakini mchimbuzi hutafuta kilicho chini. Majengo ya jela yalikuwa juu, tena mapya na mabaya ya kutazama, basi yaliondolewa ili ya kale yaonekane. Fedha za Ureno nazo, wala si ajabu, zilifurahi zaidi kuiona Ureno. Mwenye kulipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo, na sote twalijua hilo, hata huku kwenye arusi zetu.

Ngome ya Lamu ina hadithi iliyo karibu na hiyo, ila yake ni ya nyumbani zaidi. Baada ya vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliwashinda Wapate pamoja na Wamazrui wa Mombasa, Lamu iliomba ulinzi kwa Seyyid Said. Ujenzi ulianza karibu na mwaka 1813 na ukamalizika mwaka 1821. Zamani ilikuwa ukingoni mwa maji. Sasa bahari imesukumwa nyuma, na mbele yake pana uwanja wa Mkunguni ambapo wazee hukaa wakicheza bao na kuuchambua ulimwengu. Askari wake aghalabu walikuwa Mabulushi. Kutoka 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Miaka sabini na minne! Ndipo ikakabidhiwa Idara ya Makumbusho ya Taifa, ikatengenezwa kwa msaada wa serikali ya Sweden, ikawa jumba la maonyesho, maktaba na mahali pa mikutano na sherehe za mji.

Sina la kuilaumu Lamu katika kuufungua ua ule kwa arusi na mashairi. Ngome inayopigiwa vigelegele ni bora kuliko ngome inayonuka popo. Lakini kuna swali nililoulizwa mbali sana na Mkunguni, mahali ambapo hakuna mnazi hata mmoja, nalo ndilo linalonifanya niandike.

Nilikwenda Ndalu kwa sababu ya posa. Kijana wetu mmoja wa Kibokoni alikuwa amepata mchumba katika Waislamu wa Kibukusu, na mimi, kwa kuwa nina mvi na huhesabiwa kuwa na maneno, nikatiwa katika wale watakaokwenda kusema. Ndalu iko baina ya Kitale na Bungoma, upande wa Tongaren, nchi ya mahindi yanayomzidi mtu kimo. Mashamba yale yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Miaka ya 1960 serikali iliyagawa kwa Waafrika katika mipango ya makazi, na Ndalu ni mmoja wa mipango hiyo. Kuna baridi asubuhi ambayo kanzu ya pwani haikushonewa.

Baada ya kula, mzee mmoja wa upande wa binti, si Mwislamu lakini jirani wa siku nyingi, alinisogelea. Aliposikia ya kuwa nimewahi kuishi Lamu, akaweka bakuli lake chini.

"Ndugu yangu," akaniambia, "huko Lamu ndiko walikompeleka Elijah wetu. Ile jela yao ingaliko?"

Elijah aliyemkusudia ni Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, mtu wa Kimilili, mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokaa. Kijana alikuwa mchezaji mpira hodari, akaichezea Kenya. Kisha akaanza kuwaambia watu wairudie imani ya wazee wao na wasimtii Mzungu. Serikali ikamtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, maana kwa serikali ile Mwafrika aliyeidai nchi yake alionekana ameingiwa na wazimu. Mwaka 1947 aliachiliwa, na mwaka huo huo akawaongoza maelfu ya wafuasi kupanda mlima wa Chetambe kuwakumbuka waliouawa huko. Februari 1948 polisi wakawapiga risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, wakafa watu 11. Masinde akakamatwa, akahamishwa, akapelekwa Lamu. Uhuru ulipokuwa mlangoni ndipo alipoachwa. Na hata baada ya uhuru serikali za weusi wenzake zilimfunga tena mara kadhaa, hata akafa mwaka 1987.

Nikamjibu mzee kuwa ngome ingaliko, tena imara, ila jela iliondoshwa tangu 1984, na sasa ni jumba la makumbusho.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Makumbusho ya nani?"

Msomaji, nimesoma vyuoni mpaka nikahitimu, nimekaa mbele ya masheikh wenye maswali makali, lakini swali la mzee yule sikuweza kulitoa kichwani usiku kucha. Naam, mtu aliyehamishwa Lamu na mtu aliyefungwa ndani ya ngome si lazima wawe kitu kimoja. Mkoloni alikuwa na njia nyingi za kumzuilia mtu, na kisiwa chenyewe ni jela kwa asiyejua kuogelea wala hana mashua. Lakini mzee hakuwa akiuliza habari za chumba wala mlango. Kwake yeye Lamu yote ilikuwa jela ya Elijah, na ngome ndiyo sura ya jela hiyo. Alikuwa akiuliza kama katika jumba hilo la kumbukumbu Mbukusu naye anakumbukwa.

Kesho yake wenyeji wakanitembeza. Kitale wana jumba lao la makumbusho, nalo pia lina asili ya uaskari, ingawa halikuwa ngome. Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza mwanajeshi aliyekuwa mlowezi huko, alikusanya wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji, akaanzisha jumba lake mwenyewe mwaka 1926. Alipokufa mwaka 1966 aliacha mkusanyo wake na fedha kwa wananchi, na mwaka 1974 jumba jipya likafunguliwa mjini Kitale. Uani wamejenga nyumba za kienyeji za makabila ya upande ule, na kuna kobe na nyoka ambao watoto huwapenda kuliko historia yote. Ni jumba zuri, nalisifu. Hata hivyo nilijisemea moyoni: huku askari amewaachia watu wake vipepeo.

Kisha tukafika Chetambe, juu ya Webuye. Hapo hapana ukuta wa matumbawe wala hapana mzinga. Pana handaki lililojaa majani, mabaki ya boma la udongo, mawe, na upepo. Watachoni na Wabukusu waliijua ngome hiyo kabla ya Mzungu. Mwaka 1895 Waingereza, wakiongozwa na Charles Hobley, baada ya kuwapiga Wabukusu huko Lumboka, waliwafuata Chetambe na kuwapiga tena kwa bunduki za mtambo. Wao walikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache za kupakia kwa mdomo. Nilisimama ukingoni mwa handaki nikaona kuwa kina chake chamzuia mtu mwenye mkuki, lakini risasi haina habari na handaki.

Sasa niruhusu msomaji nikuombe uushike mwaka huo, 1895, maana nasi tunao. Tarehe 1 Julai 1895 ndipo Uingereza ilipotangaza kuwa nchi hizi ni himaya yake. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo majeshi ya manowari yaliivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui huko Mwele, nyuma ya Mombasa, na mwaka wa 1896 yeye na watu wake wakakimbilia kwa Wajarumani, Tanganyika. Mwaka huo huo wa 1895 Ngome ya Mombasa ikageuzwa jela. Na mwaka huo huo Chetambe ikamwagika damu. Mkono ulikuwa mmoja. Sisi tumezoea kumhesabu Mbaruk upande wetu na Wabukusu upande wao, kana kwamba yalikuwa mambo mawili yasiyojuana, bara na pwani, kila mtu na msiba wake. Mzungu aliyaandika katika daftari moja.

Lakini hapa nami lazima niseme lile ambalo baadhi ya jamaa zangu hawatalipenda. Chanzo cha vita vya Lumboka na Chetambe, kwa maelezo ya wakubwa wenyewe, ni bunduki zilizofika mikononi mwa Wabukusu kwa njia ya misafara, na askari waliotumwa kuzidai wakauawa. Misafara hiyo ilitoka wapi? Ilitoka pwani. Watu wetu ndio waliokuwa wakipita Mumias wakinunua pembe, na baadhi ya watoro wao ndio waliouza silaha walizopewa. Katika jeshi la Hobley walikuwamo askari wa Kisudani, Waislamu wenzetu, pamoja na Wawanga na Wamasai. Kwa hivyo mtu wa pwani anapofika Chetambe haji kama mgeni asiyehusika. Mguu wake ulikwisha kufika pale kabla ya yeye kuzaliwa.

Na ndivyo ilivyo kwa ngome zetu wenyewe. Twapenda kuzisema kama kwamba ndani walikuwa makafiri na nje tulikuwa sisi. Katika yale mazingiwa ya 1696, Wareno walipokwisha kwa tauni na njaa, aliyeshika amri ya ngome mwaka 1697 alikuwa nani? Alikuwa Sheikh Daud wa Faza, Mwislamu na Mswahili, pamoja na watu wake, wakiilinda dhidi ya Waomani. Alikuwa na sababu zake, na sababu hizo ni siasa za Faza na Pate na Mombasa, ambazo hazikungoja Mreno kuja ili zianze. Na Lamu je? Ngome ile haikujengwa na mkoloni wa Kizungu hata kidogo. Ilijengwa kwa hofu ya Pate na Mombasa, ndugu kwa ndugu, na matumbawe yake na chokaa yake yalichukuliwa mabegani na watu ambao wengi wao hawakuwa na hiari. Jumba la makumbusho lisilothubutu kuyataja haya ni duka la vyungu tu.

Nimewahi kuambiwa na kijana mmoja mwenye elimu kubwa kuwa mimi natafuta kuwaudhi wageni, kwamba mtalii huja kustarehe, haji kusikia habari za pingu. Si kweli. Wageni hao hao husafiri kwenda Kisiwa cha Robben kule Afrika ya Kusini, wakalipa nauli ya mashua, ili waonyeshwe chumba chembamba alimofungwa Mandela; na anayewaonyesha mara nyingi huwa mfungwa wa zamani. Mahali pale palitangazwa urithi wa ulimwengu na UNESCO mwaka 1999. Lamu ilitangazwa 2001, na Ngome ya Mombasa 2011. Katika hayo matatu, kisiwa cha Afrika ya Kusini kiliupata utukufu huo kwa sababu ya wafungwa wake; ngome yetu iliupata kwa sababu ya ustadi wa ramani ya Cairati. Ramani ni nzuri, simbishii mtu. Iko kama mwili wa mtu aliyelala, kichwa kikielekea bahari, na mpiga picha akipanda juu huiona vizuri. Wafungwa hawakupata kuiona kutoka juu.

Wengine huko Ghuba wamefanya mengine. Maskati kuna ngome ya Jalali, iliyojengwa na Wareno hao hao katika miaka ya 1580, ikawa jela yenye kutisha hata miaka ya 1970, na sasa ni makumbusho ambayo kwa miaka mingi ilifunguliwa kwa wageni wa heshima. Jamaa zetu walioko Maskati wanalijua jina la Jalali, na walio wazee hulitaja kwa sauti ya chini. Silinganishi serikali na serikali. Nasema tu kwamba jiwe la Mreno limekuwa na bahati moja kila lilipowekwa.

Sasa nasema nitakalo. Sitaki kuta zivunjwe wala vyungu viondolewe, na vile vitu vilivyotolewa chini ya maji katika merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, navipenda mno. Nataka chumba. Kila ngome iliyokuwa jela itenge chumba kimoja, tena kiwe karibu na mlango, kisiwe kule nyuma kwenye vyoo. Ndani yake pawe na hesabu ya wafungwa kadiri madaftari ya serikali yanavyoonyesha: jina, alikotoka, kosa lililoandikwa, muda. Madaftari ya mkoloni yalikuwa mazuri kwa jambo hilo; Mwingereza akikufunga alikuandika. Wazee waliobaki wahojiwe na sauti zao ziwekwe, kwani leo chombo cha kunasia sauti kiko mfukoni mwa kila kijana. Waliokuwa askari jela nao wahojiwe, wasionewe haya. Mwenye funguo naye ana hadithi, na pengine yeye ndiye aliyelala vibaya zaidi.

Pia nataka ushairi. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa wakati wa Mazrui, na tungo zake juu ya vita vya mji huu na Unguja zilikusanywa na Mwalimu Sikujua na padri Taylor, zikachapishwa mwaka 1940. Hakuna mji mwingine wa Afrika ya Mashariki wenye mwandishi wa vita aliyekuwa mshairi wa kadiri hiyo, akiitazama ngome kwa macho yake. Anayeingia ngomeni apokewe na sauti ya Muyaka kabla ya sauti ya mzinga. Na kama tunaona haya kuzitundika tungo zake kwa sababu baadhi yake zina matusi, basi tutundike zilizobaki, ni nyingi.

Juu ya kiingilio nitasema kidogo tu. Mtoto wa chuo wa Mji wa Kale ambaye babake ni mchukuzi bandarini hana sababu ya kulipa chochote kuingia mahali ambapo babu yake huenda aliingizwa kwa nguvu bila ya kuulizwa kiingilio. Siku moja katika juma, baada ya sala ya Ijumaa, mlango uwe wazi kwa watoto wa mji. Mwalimu wao awape somo la tarehe humo humo ndani, wakiwa wamekaa sakafuni kama tulivyokuwa tukikaa sisi na mbao zetu.

Ama Chetambe, haihitaji jumba la matumbawe. Yahitaji handaki lifyekwe, njia itengenezwe, na banda la kawaida lenye habari za Watachoni na Wabukusu kama wanavyozisema wao, hata wakibishana juu ya nani aliichimba kwanza. Acha wabishane kwa maandishi ukutani. Sisi twabishana juu ya Shela mpaka leo na hakuna aliyekufa kwa hilo. Kitale wako karibu na wanao ujuzi. Tena wapo watu wa Bungoma ambao wamekuwa wakilisema jambo hili miaka mingi. Hawangojei mshairi wa Mombasa kuwafundisha. Ninachoweza mimi ni kuwaunga mkono kutoka upande huu wa nchi.

Na upande huu kuna jambo moja ambalo ni letu kulifanya. Kutoka Ndalu hadi Lamu ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mtu wa kule akija, ataingia kivukoni amechoka, atapita baina ya punda na mikokoteni, na atafika Mkunguni. Mzee yule alinambia kuwa mjukuu wake anayesoma Nairobi amekata shauri kuja kuona mahali alipokuwa Elijah. Akifika asikute watu wanatazamana. Liwepo bango katika ukuta wa ngome, upande wa kulia mlangoni, lenye majina ya walioletwa Lamu kwa nguvu kutoka kila pembe ya Kenya, na Elijah Masinde awe miongoni mwao. Liandikwe kwa Kiswahili kwanza. Kisha chini yake, kwa ajili ya kijana huyo, liandikwe kwa Lubukusu.